Kumi Si Msingi wa Pekee: Historia ya Misingi ya Hesabu na Nafasi ya Kiswahili

Utangulizi

Katika mijadala ya miaka mingi kuhusu uwezo wa Kiswahili kubeba elimu ya sayansi, hoja moja imezoea kujitokeza kila yanapotajwa mambo ya tarakilishi. Hoja hiyo husema kwamba hesabu ya mashine hizo, ambayo huandikwa kwa msingi wa mbili, wa nane au wa kumi na sita, ni kitu kigeni kabisa kwa Mswahili. Kwamba Mswahili amehesabu kwa kumi tangu azali. Na kwamba kwa hiyo lugha yake haina mahali pa kuipokea elimu hiyo ila kwa kuazima kila neno. Wasemao hivyo si maadui wa lugha. Wengi wao ni wapenzi wake waliochoka kuona orodha za istilahi zikichapishwa na kusahauliwa.

Makala haya yanakusudia kuipima hoja hiyo kwa mizani ya historia. Tutaanza kwa kuangalia jinsi majina ya hesabu yalivyojengeka katika Kiswahili na katika baadhi ya lugha za Kibantu. Kisha tutatazama vipimo vya nafaka na fedha vilivyotumika pwani na bara, na baadaye hesabu iliyomo ndani ya ramli. Baada ya hapo tutaeleza kwa ufupi jinsi misingi ya mbili, ya nane na ya kumi na sita ilivyoingia katika mashine, na namna idadi moja inavyohamishwa kutoka msingi mmoja hadi mwingine. Mwisho tutarejea kwenye lugha, kwa sababu ndipo penye dosari ambayo walimu wengi hawajaitambua.

1. Majina ya hesabu

Wataalamu wa isimu linganishi, kuanzia Carl Meinhof hadi Malcolm Guthrie, walikwisha kuonyesha kwamba majina ya moja hadi tano, pamoja na kumi, yanafanana katika eneo kubwa la lugha za Kibantu, hali majina ya sita hadi tisa yanatofautiana sana. Tofauti hiyo si ya bahati. Inatuambia kwamba mkono mmoja ulikuwa kituo cha kwanza cha hesabu, na kwamba kila jamii ilitafuta njia yake ya kuvuka kutoka mkono huo hadi mkono wa pili.

Njia hizo zilikuwa angalau mbili. Ya kwanza ni kuanza upya kutoka tano. Wayao husema sita kwa kusema tano na moja, na saba kwa kusema tano na mbili. Hapo tano ni msingi kamili, na kumi ni msingi juu ya msingi. Njia ya pili ni kurudufu. Neno la kale la Kiswahili, tandatu, ambalo lina ndugu zake katika Kikamba na Kigikuyu, linaonyesha wazi tatu iliyorudiwa. Nane nayo ni nne iliyorudiwa, nne ya mkono huu na nne ya mkono ule. Mtu anayesema nane leo anasema, bila kujua, kwamba nane ni mara mbili ya nne.

Kiswahili kilikuwa na tandatu, fungate, nane na kenda. Kutokana na maingiliano ya karne nyingi na Waarabu, sita, saba na tisa zikachukua mahali pa tandatu, fungate na kenda, na nane ikabaki peke yake kama kisiwa. Fungate haikufa, bali ilijihifadhi katika siku saba za arusi. Kenda ingali inasikika, hasa katika ushairi na katika vinywa vya wazee. Kwa upande wa makumi, makumi mawili yaliiachia nafasi ishirini, na mia na elfu zikafuata njia hiyo hiyo. Laki ilitoka Bara Hindi. Sifuri ilitoka Kiarabu, na safari yake ni ndefu zaidi, kwani Waarabu walilifasiri wazo la Wahindi la mahali patupu, na neno lao hilo hilo ndilo Leonardo wa Pisa aliloliandika kwa Kilatini katika kitabu chake cha mwaka 1202, likazaa majina ya sifuri katika lugha za Ulaya. Kwa hiyo Mswahili asemapo sifuri yu karibu na chimbuko kuliko Mwingereza.

Funzo la sehemu hii ni kwamba msingi wa kumi katika Kiswahili si jiwe moja. Ndani yake mna tano, mna kurudufu, na mna tabaka la maneno yaliyokuja kwa biashara na dini.

2. Kibaba, kisaga na pishi

Tukiacha majina ya hesabu tukaingia sokoni, tunakuta kwamba kumi ilikuwa na nguvu ndogo kuliko tunavyodhani. Nguo zilihesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Ratili ilikuwa na wakia 16. Lakini mfano ulio bora ni ule wa vipimo vya nafaka. Vibaba viwili ni kisaga kimoja, na visaga viwili ni pishi moja. Basi pishi ina vibaba vinne, na vipimo vyote vitatu vinapandana kwa mara mbili.

Kipimo hiki kilikuwa na uzito hata katika sharia. Kipimo cha Kiarabu kiitwacho swaa, ambacho ni mudi nne, na ambacho hutumika kukadiria zaka ya fitri, Waswahili hukifasiri kwa pishi. Kwa hiyo hapana shaka kwamba mgawanyo wa nne, na wa mbili ndani ya nne, ulijulikana kwa kila mwenye nyumba, si kwa wafanyabiashara pekee.

Kwa nini mbili? Sababu ni ya kiutendaji. Mtu asiye na mizani ya kisasa anaweza kugawa nafaka katika mafungu mawili yaliyo sawa kwa jicho na kwa mkono, kisha akaligawa kila fungu tena. Kugawa mafungu kumi yaliyo sawa ni kazi ngumu isiyo na njia ya mkato. Methali yasema haba na haba hujaza kibaba. Lakini kutoka kibaba kwenda juu, mambo hayaendi kwa haba na haba, bali kwa kurudufu.

Sasa tumchukue mwenye duka aliyepima vibaba 13. Atasema ana pishi tatu, kisaga hakuna, na kibaba kimoja. Tukiziandika pishi tatu hizo nazo kwa mafungu ya mbili, yaani fungu moja la pishi mbili na pishi moja ya ziada, tunapata safu nne: moja, moja, hakuna, moja. Hivyo ndivyo idadi ya kumi na tatu inavyoandikwa katika msingi wa mbili: 1101. Mwenye duka hakuandika tarakimu hizo, lakini hesabu aliyoifanya kichwani ilikuwa ndiyo hiyo.

3. Pesa na thumuni

Habari ya fedha ni ya karibu zaidi na ina tarehe. Rupia ya Kihindi, iliyotawala biashara ya Afrika ya Mashariki katika nusu ya pili ya karne ya 19, iligawanywa katika ana 16, na kila ana katika pesa 4. Rupia moja basi ilikuwa pesa 64. Mwaka 1882 Sultani Barghash wa Zanzibar alitoa sarafu zake za shaba za pesa. Neno pesa, ambalo leo ni jina la fedha zote, lilikuwa jina la sehemu moja ya 64 ya rupia.

Namba hizi, yaani 4, 16 na 64, zote huzaliwa kwa kuirudufu mbili. Kumi haimo. Karani wa forodhani aliyeandika daftari lake kwa rupia, ana na pesa alikuwa akihamisha idadi kutoka msingi wa kumi kwenda msingi wa nne na wa kumi na sita kila siku ya kazi.

Kumi iliingia kwa amri. Wajerumani waliiacha hesabu ya pesa 64 katika koloni lao mwaka 1904, wakaigawa rupia katika hela 100. Utawala wa Kiingereza katika nchi ambayo sasa ni Kenya uliigawa rupia katika senti 100 kwa sheria ya mwaka 1905, na sarafu za senti zikaanza kutoka mwaka 1906. Zanzibar ilifuata mwaka 1908. Shilingi ya senti 100 ilipokuja mwaka 1921, hesabu ya kumi ilikuwa imekwisha kushika hatamu. Ni dhahiri, basi, kwamba utawala wa kumi katika fedha za Afrika ya Mashariki haukutokana na vidole vya Mswahili. Ulitokana na uamuzi wa serikali, na umri wake ni miaka mia moja na ushei tu.

Hata hivyo lugha haikutii amri yote. Thumuni kwa Kiarabu ni sehemu moja ya nane. Lakini katika Kenya na Tanzania thumuni imekuwa jina la senti 50, ambazo ni nusu ya shilingi. Je, nane imetoka wapi? Hesabu yenyewe inatujibu. Reale moja ilipokadiriwa kuwa rupia mbili, na rupia ikaja kubadilishwa kwa shilingi mbili, reale ikawa sawa na shilingi nne. Na sehemu ya nane ya shilingi nne ni senti 50. Reale imetoweka sokoni zamani, lakini mgawanyo wake wa nane umebaki ndani ya neno.

4. Hesabu iliyomo ndani ya ramli

Tunaingia sasa katika jambo linalohitaji uangalifu. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wameikataza ramli, na makala haya hayakusudii kuitetea kama njia ya kujua ghaibu. Tunachokitazama ni hesabu yake tu.

Elimu ya ramli, kama ilivyoandikwa katika vitabu vya Kiarabu vilivyosambaa kutoka Afrika ya Kaskazini hadi visiwa vya Bahari ya Hindi, huanza kwa mpiga ramli kuchapa mistari 16 ya nukta mchangani bila kuzihesabu. Kisha hufuta nukta mbilimbili katika kila mstari. Mwishoni mstari hubakiwa na nukta moja au nukta mbili, yaani witiri au shufwa. Mistari minne hufanya umbo moja. Kwa kuwa kila mstari una hali mbili tu, maumbo yanayowezekana ni mbili mara mbili mara mbili mara mbili, yaani 16, si zaidi wala si pungufu. Kila umbo lina jina lake.

Maumbo manne ya kwanza huitwa mama. Kutokana na hayo hutengenezwa mabinti wanne kwa kuisoma mistari ya mama kwa upande: mistari ya kwanza ya mama wote hufanya binti wa kwanza, mistari ya pili hufanya binti wa pili, na kuendelea. Kisha maumbo hujumlishwa mawili mawili, mstari kwa mstari. Witiri na witiri hutoa shufwa. Shufwa na shufwa hutoa shufwa. Witiri na shufwa hutoa witiri. Kwa njia hiyo hufikiwa mashahidi wawili, na mashahidi wakijumlishwa humzaa hakimu.

Kanuni moja ya wapiga ramli inastahili kuzingatiwa na kila mwanahisabati. Jumla ya nukta za hakimu lazima iwe shufwa. Ikitokea kuwa witiri, ramli imekosewa na hufutwa. Sababu yake si siri. Mabinti wana nukta zile zile za mama, zimepangwa upya tu, na kwa hiyo shahidi mmoja na mwenziwe hulingana katika uwitiri au ushufwa wa jumla yao. Wakikutana hawawezi kuzaa ila shufwa. Mashine za leo hutumia wazo hilo hilo kujua kama habari imeharibika njiani: huongeza tarakimu moja ili jumla iwe shufwa, na mpokeaji akikuta witiri hujua kuna kosa. Na ule ujumlishaji wa witiri na shufwa ndio unaofanywa na kila tarakilishi mamilioni ya mara katika dakika moja.

Kwa Wayoruba wa Afrika ya Magharibi, Ifa ina maumbo makuu 16, na maumbo hayo yakioanishwa huwa 256. Huko Madagascar ramli iliitwa sikidy. Eneo la elimu hii, basi, ni pana.

Hata hivyo tusidai kisichokuwapo. Wako waandishi waliotaka kuonyesha kwamba tarakilishi ilizaliwa kutokana na ramli ya Kiafrika. Dai hilo linavutia, lakini lina upungufu mkubwa. Maumbo ya ramli yana majina, hayana ukubwa. Hakuna aliyeyatumia kuhesabu deni au mifugo, kwa sababu mstari wa kwanza hauzidi mstari wa pili kwa thamani. Kinachokosekana ni thamani ya mahali, yaani kanuni kwamba tarakimu ikisogea hatua moja kushoto thamani yake hupanda kwa kiasi cha msingi. Ramli ilikuwa na mantiki ya mbili bila hesabu ya mbili. Pishi ilikuwa na hesabu ya mbili bila maandishi yake. Aliyeviunganisha vitu hivyo kwa kalamu hakuwa mtu wa pwani yetu.

5. Kutoka Leibniz hadi tarakilishi

Thomas Harriot, Mwingereza aliyefariki mwaka 1621, aliacha miswada yenye namba za msingi wa mbili, lakini hakuichapisha. Gottfried Wilhelm Leibniz, Mjerumani, aliandika juu ya msingi huo mwaka 1679, na makala yake yakachapishwa Paris kwa mwaka 1703. Kati ya tarehe hizo mbili, mmisionari Joachim Bouvet alimwandikia kutoka China kumwonyesha kwamba maumbo 64 ya kitabu cha kale cha Wachina, ambayo nayo hutumika katika kubashiri, yanaweza kusomwa kama tarakimu za sifuri na moja. Kwa hiyo Leibniz mwenyewe alikiri undugu wa hesabu hii na elimu ya ubashiri, ingawa aliyemtaja ni Mchina.

Msingi wa nane ulipata mtetezi nchini Sweden. Mwaka 1718 Emanuel Swedenborg aliandika juu ya hesabu ya nane. Na kwa mujibu wa masimulizi yake, Mfalme Charles XII alitaka msingi wa 64, kwa kuwa waweza kugawanywa nusu kwa nusu hadi kufikia moja. Mfalme huyo alifariki mwaka huo huo, na jambo likaisha. Msingi wa kumi na sita ulitetewa Philadelphia na John W. Nystrom katika kitabu cha mwaka 1862. Nystrom hakuridhika kuongeza tarakimu tu. Alitunga majina mapya ya namba zote, kuanzia moja hadi kumi na sita. Hakupata wafuasi. Mwanaisimu hashangai, kwa maana jamii haiachi majina ya hesabu kwa ajili ya kitabu cha mtu mmoja.

Mbili ilishinda kwa sababu ya umeme. George Boole alichapisha mwaka 1854 kitabu kilichoonyesha kwamba kweli na si kweli zinaweza kushughulikiwa kwa kanuni za aljebra. Claude Shannon, katika tasnifu yake ya mwaka 1937, alionyesha kwamba swichi za umeme hufuata kanuni hizo hizo: swichi ama imefungwa ama imefunguliwa. Konrad Zuse alikamilisha mashine yake ya tatu mwaka 1941, na ilihesabu kwa mbili. Hata hivyo mbili haikushinda mara moja. ENIAC, mashine mashuhuri ya Marekani iliyoonyeshwa hadharani mwaka 1946, ilihesabu kwa kumi. Ripoti iliyoandikwa na John von Neumann mwaka 1945 kuhusu mashine iliyokusudiwa kuifuata ndiyo iliyoielekeza kazi kwenye msingi wa mbili. Mwaka 1948 Shannon alilitumia katika maandishi jina biti, ambalo alisema limetokana na John Tukey, kwa tarakimu moja ya mfumo huo.

Lakini mbili ina ila moja: ni ndefu. Binadamu akisoma safu ya tarakimu 12 za moja na sifuri huchoka na kukosea. Hapo nane na kumi na sita zikaitwa kuwa wakalimani. Mashine zilizohifadhi biti 12, 18 au 36 kwa pamoja zilifaa kusomwa tatu tatu, na biti tatu ni tarakimu moja ya nane. PDP-8 ya mwaka 1965 ilikuwa ya aina hiyo. Kampuni ya IBM ilipotoa mashine za System/360 mwaka 1964, zikiwa na mafungu ya biti nane, ilifaa kusoma nne nne, na biti nne ni tarakimu moja ya kumi na sita. Kwa kuwa tarakimu za kawaida huishia 9, herufi A hadi F zilichukuliwa kuwakilisha kumi hadi kumi na tano. Uchaguzi huo nao haukuwa wa lazima. Mashine ya Bendix G-15 ya mwaka 1956 ilitumia herufi za mwisho wa alfabeti, kuanzia u hadi z.

6. Namna ya kuhamisha idadi

Tuchukue mwaka wa uhuru wa Kenya, 1963. Kuuhamisha katika msingi wowote, tunaugawa kwa msingi huo, tunaweka baki, tunagawa tena kilichopatikana, hadi kisalie sifuri. Baki ya mwisho huandikwa kwanza.

Kwa kumi na sita: 1963 ukigawanywa kwa 16 ni 122, baki 11, 122 ni 7, baki 10, 7 ni sifuri, baki 7. Kumi na moja huandikwa B, na kumi huandikwa A. Jibu ni 7AB.

Kwa nane: 1963 ni 245, baki 3, 245 ni 30, baki 5, 30 ni 3, baki 6, 3 ni sifuri, baki 3. Jibu ni 3653.

Kwa mbili hakuna haja ya kugawa mara kumi na moja. Kila tarakimu ya nane huandikwa kwa biti tatu: 3 ni 011, 6 ni 110, 5 ni 101, na 3 tena ni 011. Tukiacha sifuri ya mbele tunapata 11110101011. Tukizigawanya biti hizo nne nne kuanzia kulia tunapata 111, 1010 na 1011, yaani 7, A na B, kama tulivyokwisha kuona. Njia zote mbili zimekutana, na huo ndio uthibitisho wake.

Sasa tumpe karani wetu wa mwaka 1900 pesa 1963. Atagawa kwa 4, apate ana 490 na pesa 3. Kisha atagawa 490 kwa 16, apate rupia 30 na ana 10. Ataandika rupia 30, ana 10, pesa 3. Njia ni ile ile: gawa, weka baki, gawa tena.

7. Dosari iliyomo katika usomaji

Tukifika hapa, suala la istilahi huonekana dogo kuliko suala la usomaji. Mwalimu huandika 10 ubaoni, akasema: kumi katika msingi wa mbili ni mbili. Mwanafunzi husikia kwamba kumi ni mbili, na ana haki ya kuchanganyikiwa. Kosa ni la nani? Kumi ni jina la idadi. Ni vidole vya mikono miwili, iwe imeandikwa vipi. Alama 10 ni maandishi tu, na maandishi hayo yana maana ya kumi pale tu msingi unapokuwa kumi. Katika Kiswahili majina kumi, ishirini, mia na elfu yamefungwa kwa msingi wa kumi kama jina la mtu lilivyofungwa kwa mtu. Anayesoma 3653 ya msingi wa nane kwa kusema elfu tatu mia sita hamsini na tatu amesema jambo lisilo kweli, kwa kuwa idadi iliyokusudiwa ni elfu moja mia tisa sitini na tatu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, tutenganishe kwa uthabiti idadi na tarakimu. Idadi ni wingi wa vitu, na tarakimu ni alama. Pili, namba ya msingi usiokuwa wa kumi isomwe tarakimu moja moja: moja, sifuri katika msingi wa mbili ni mbili. Tatu, herufi za msingi wa kumi na sita zisomwe kama tunavyosoma alfabeti yetu, a, be, che, de, e, fe, wala tusitungiwe majina mapya, tusije tukafuata njia ya Nystrom. Wanaopendekeza kufufua tandatu, fungate na kenda kwa kazi hii wana nia njema, lakini maneno hayo yamekwisha kuwa na thamani zake, sita, saba na tisa. Kuyapa thamani nyingine ni kuyaharibu. Nne, kibaba, kisaga na pishi virudi darasani kama mfano wa kwanza wa msingi wa mbili, na rupia, ana na pesa kama mfano wa msingi wa kumi na sita. Kwa majina ya mifumo, msingi wa mbili, msingi wa nane na msingi wa kumi na sita yatosha. Ni marefu kidogo, lakini hayamdanganyi mtu.

Huenda ikasemwa kwamba jambo hili liwahusu wahandisi, nasi walimu wa lugha tushughulike na tungo zetu. Jibu liko ndani ya tungo hizo hizo. Sehemu kubwa ya hazina ya tenzi zetu imeandikwa kwa hati ya Kiarabu, na hati hiyo sasa inahifadhiwa na kusomwa kwa mashine. Katika mfumo wa Yunikodi, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, kila herufi ina namba yake, na namba hiyo huandikwa kwa msingi wa kumi na sita. Ain ni 0639. Herufi ya sauti ya p, ambayo Kiarabu hakina, ni 067E. Ile ya ch ni 0686. Na ile ya v ni 06A4. Mhariri wa mswada wa Lamu akitaka kuhakikisha kwamba p ya mtunzi haikugeuzwa kuwa b na mashine, hana budi kuisoma namba hiyo. Asipoweza kuisoma, atamtegemea fundi asiyejua Kiswahili, na fundi huyo hataiona tofauti.

Hitimisho

Tumeona kwamba hoja tuliyoanza nayo haisimami. Mswahili hakuhesabu kwa kumi peke yake. Alihesabu kwa tano katika mizizi ya maneno yake, kwa mbili katika nafaka, kwa kumi na sita na sitini na nne katika fedha, na ramli ilikuwa na mantiki ya mbili yenye kujihakikishia makosa yake. Tumeona vilevile kwamba hakuvumbua hesabu ya tarakilishi, na hapana faida ya kumsingizia uvumbuzi huo. Alichokuwa nacho ni mazoea ya kuipanga idadi moja kwa njia nyingi, na maneno ya kuyaeleza mazoea hayo.

Maneno hayo yangalipo. Mengine yamebadili maana, kama pesa na thumuni. Mengine yamejificha, kama fungate. Na mengine yanangoja kipimo chake kirudi, kama kisaga. Kazi ya idara za lugha ni kuyaeleza kwa usahihi kabla hayajapotea, na kuanzia ubaoni: tukiandika 10, tuseme kwanza ni kumi ya nani.